Jemadari Katika Kiti cha Balozi

Mwishoni mwa Aprili 2009 Luteni Jenerali Karl Eikenberry wa jeshi la nchi kavu la Marekani alistaafu baada ya utumishi wa miaka zaidi ya 35, na kabla sare yake haijapata vumbi kabatini alikula kiapo kingine, akawa balozi wa nchi yake mjini Kabul. Mji huo hakuwa mgeni nao. Alikwisha kukaa humo mara mbili akiwa na askari nyuma yake. Safari hii ya tatu alikwenda na hati mkononi. Uteuzi wake uliamsha swali ambalo ni kongwe kuliko Marekani yenyewe: je, mtu aliyelelewa katika kuamuru aweza kufaa kwa kazi ya kusihi?

Katika Marekani swali hili halikuachwa kwa watu wa barazani peke yao. Sheria ya Utumishi wa Nchi za Nje ya mwaka 1980 yasema kwamba cheo cha balozi kwa kawaida wapewe watu waliokulia katika utumishi huo, na kwamba mtu wa nje apewe mara mojamoja, akiwa na sifa. Sifa zenyewe zimetajwa. Awe na ustadi uliokwisha kuonekana dhahiri. Ajue kwa kadiri ya kufaa lugha kuu ya nchi aendako. Afahamu historia ya nchi hiyo, utamaduni wake, uchumi wake na siasa yake, na mambo ya watu wake. Sheria yaongeza kwamba fedha ambazo mtu amechangia katika uchaguzi zisihesabiwe kuwa sifa. (Kifungu hiki cha mwisho kimesomwa mara nyingi kuliko kilivyotiiwa, matajiri wengi wamejipatia katika Ulaya balozi zenye bustani nzuri.) Rais hupeleka kwa kamati ya Seneti karatasi ya kueleza kwa nini mtu wake anafaa, na kamati humwita mtu huyo ikamhoji.

Karatasi ya Eikenberry ilikuwa nzito. Alimaliza chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1973. Alisoma mambo ya Asia ya Mashariki katika Harvard na elimu ya siasa katika Stanford. Alijifunza Kichina katika shule ya jeshi la Uingereza iliyokuwa Hong Kong, akasoma historia ya China katika chuo kikuu cha Nanjing, na baadaye akawa mwambata wa kijeshi katika ubalozi wa Beijing. Mwaka 2002 alipelekwa Kabul kusimamia ujenzi wa jeshi jipya la Afghanistan. Kuanzia 2005 hadi 2007 alikuwa amiri wa majeshi ya Marekani nchini humo. Kisha akakaa Brussels akiwa naibu mwenyekiti wa kamati ya kijeshi ya NATO. Mwenye kupenda mzaha aweza kusema kwamba sehemu kubwa ya sifa hizo ilimstahili balozi wa Beijing, maana lugha aliyoitolea jasho ilikuwa Kichina, na Kabul husema Kidari na Kipashto. Walakini hakuna mjumbe wa Seneti aliyeweza kudai kwamba mtu huyu haijui Afghanistan. Aliijua kuliko wengi waliomhoji.

Basi shaka ilikuwa wapi? Ilikuwa katika tabia ya kazi yenyewe. Jemadari na balozi ni watumishi wa bwana mmoja, lakini zana zao si moja. Nguvu ya jemadari imo katika ngazi: aliye juu husema, aliye chini hutenda, na mashaka ya aliye chini hayaulizwi wakati wa mapigano. Balozi hana walio chini yake katika nchi aliyotumwa ila maafisa na makarani wa nyumba yake. Rais, waziri, mkuu wa kabila, mhariri wa gazeti, hawa wote si watu wake. Hawalazimiki kumsikiliza, na kila siku ni sharti awape sababu mpya ya kumfungulia mlango. Wahenga waliponena kwamba mjumbe hauawi walimpa mjumbe kinga, hawakumpa amri.

Watu wa Pwani ya Afrika ya Mashariki waliwaona wajumbe wa namna hii mapema. Konseli wa kwanza wa Uingereza katika Unguja, Atkins Hamerton, aliyefika mwaka 1841, alikuwa afisa wa jeshi la Kampuni ya Mashariki ya India. Christopher Rigby, aliyemfuata mwaka 1858, alikuwa afisa wa jeshi la Bombay, tena mjuzi wa lugha nyingi. Naye mwaka 1859, Barghash alipoinuka dhidi ya nduguye Majid, hakukawia kuwatoa mabaharia wa manowari za Kiingereza wakamalize ugomvi wa nyumba isiyokuwa yake. Hao waliitwa mabalozi. Baada ya uhuru Tanzania ilimpa jina hilohilo mzee wa nyumba kumi, asiye na nyota begani wala manowari bandarini, ambaye huitwa usiku kuwapatanisha majirani waliogombana kwa ajili ya mbuzi aliyekula mahindi. Neno ni moja, na umbali uliopo kati ya mabalozi hao wawili ndio umbali ambao jemadari hana budi kuuvuka.

Kuna waliouvuka vizuri na kuna waliojikwaa, na yupo mmoja aliyefanya yote mawili. Maxwell Taylor alizaliwa katika jimbo la Missouri mwaka 1901, akamaliza West Point mwaka 1922 akiwa wa nne katika darasa lake. Alikuwa na sikio la lugha: alifundisha Kifaransa na Kihispania chuoni hapo, na katika miaka ya 1930 alipelekwa Tokyo akajifunza Kijapani. Mnamo Septemba 1943 alipewa kazi ambayo haikufanana na kazi ya askari. Italia ilikuwa imekwisha kutia sahihi kwa siri mkataba wa kusimamisha vita, na aliyetia sahihi kwa upande wa washirika alikuwa Walter Bedell Smith, jemadari mwingine, ambaye kuanzia mwaka 1946 hadi 1948 alikuwa balozi wa Marekani mjini Moscow. Mpango ulikuwa kwamba askari wa miavuli washuke karibu na Rumi, wasaidiane na Waitalia kuulinda mji dhidi ya Wajerumani. Lakini nani alijua kama Waitalia wako tayari kweli? Taylor na mwenzake mmoja walitoka Palermo kwa chombo cha Kiingereza, wakahamia katika manowari ya Kiitalia, wakashuka Gaeta katika mavazi yao ya kijeshi kana kwamba ni wafungwa waliookotwa baharini, kisha wakaingizwa Rumi ndani ya gari la wagonjwa, wakiwapita Wajerumani njiani.

Usiku huo walimwamsha Badoglio, mkuu wa serikali, nyumbani kwake. Taylor alikuwa brigadia tu. Mzee aliyeketi mbele yake alikuwa jemadari mkuu wa taifa zima, mwenye hofu nyingi na sababu nyingi. Taylor hakuamuru wala hakutisha. Alisikiliza, akauliza, akapima: Wajerumani wameongezeka, Waitalia hawana petroli wala risasi za kutosha, viwanja vya ndege havishikiki. Kisha akapeleka habari kwamba safari ifutwe. Ikafutwa askari wakiwa tayari kwa kupaa. Haiwezekani kuhesabu ni vijana wangapi waliendelea kuishi kwa sababu ya usiku ule, maana waliookoka na ajali isiyotokea hawana kaburi wala jina. Ikiwa yupo mtu aliyetaka ushahidi kwamba askari aweza kuwa mjumbe, na autafute hapo. Kazi aliyoifanya Taylor ilikuwa kazi ya balozi kamili: kwenda mahali, kuona kwa macho yake, na kuwaambia waliomtuma jambo wasilolitaka.

Miaka ishirini na mmoja ikapita. Taylor alishuka Normandy kwa mwavuli, akaongoza majeshi Korea, akawa mkuu wa jeshi la nchi kavu, na mwisho mwenyekiti wa wakuu wa majeshi yote ya Marekani. Julai 1964 Rais Johnson alimtuma Saigon kuwa balozi, na barua ya Rais ikampa mamlaka juu ya shughuli zote za Marekani nchini humo, za kiraia na za kivita. Amiri wa majeshi pale alikuwa Jenerali Westmoreland, aliyewahi kufanya kazi chini yake. Kwa sifa za karatasi haikuwezekana kumpata mtu bora zaidi.

Desemba 1964 majemadari wa Vietnam ya Kusini walilivunja baraza lililokuwa nguzo ya serikali ya kiraia, serikali ambayo Taylor alikuwa amejitahidi kuisimamisha. Aliwaita wanne kati yao ofisini kwake, nao wakaja: Nguyen Cao Ky, Nguyen Van Thieu, Nguyen Chanh Thi na Chung Tan Cang. Aliwauliza kwanza kama wote wanafahamu Kiingereza. Kisha akawakaripia kama kamanda akaripiavyo maluteni waliochelewa gwaride. Akawakumbusha chakula cha usiku walichoalikwa na Westmoreland na onyo ambalo yeye Taylor alilitoa hapo kwamba Marekani imechoka na mapinduzi. Hapana shaka alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini wale hawakuwa maluteni wake. Walikuwa wageni katika ofisi yake na wenyeji katika nchi yao, na walitoka pale wakiwa wameunganishwa na fedheha kuliko walivyowahi kuunganishwa na vita. Mkuu wao, Nguyen Khanh, alimshutumu balozi hadharani magazetini. Na haikupita hata nusu mwaka, mnamo Juni 1965, Ky akawa waziri mkuu na Thieu mkuu wa dola. Taylor, ambaye bado alikuwa balozi, alipaswa kubisha hodi kwa watu aliowahi kuwauliza kama wanasikia Kiingereza.

Khanh mwenyewe aling'olewa Februari 1965, akaondolewa nchini kwa heshima zote akiwa na cheo cha balozi asiye na kituo. Hapa yafaa kusimama kidogo, maana desturi hii ni pana. Serikali nyingi, za Asia na za Afrika, zimewafanya majemadari kuwa mabalozi si kwa sababu wanafaa huko waendako, bali kwa sababu hawatakiwi huku watokako. Jemadari mwenye wafuasi wengi kambini hupewa nyumba nzuri katika mji wa mbali, dereva na bendera ndogo juu ya gari, na wenye madaraka hulala usingizi. Katika uteuzi wa namna hiyo swali la sifa ni swali la kejeli. Kinachopimwa ni urefu wa bahari iliyopo katikati.

Lakini si haki kumwacha Taylor katika ofisi ile ya Desemba. Miezi miwili baadaye Westmoreland aliomba askari wa Kimarekani waletwe kukilinda kiwanja cha ndege cha Da Nang. Taylor, jemadari wa majemadari, alipeleka simu Washington tarehe 22 Februari 1965 akapinga. Alieleza kwamba mlango huo ukifunguliwa hautafungika tena. Kwamba Mfaransa alikwisha kujaribu akashindwa. Kwamba askari mweupe hataweza kumtofautisha adui na mkulima. Alikuwa mtetezi wa kuipiga Vietnam ya Kaskazini kwa ndege, hakuwa mtu wa amani kwa vyovyote. Ndiyo maana neno lake lilikuwa na uzito. Mwanadiplomasia wa kalamu angesema vile, wangemwambia haijui vita. Taylor hakuna aliyeweza kumwambia hivyo. Hata hivyo, tarehe 8 Machi askari 3,500 walishuka ufukoni Da Nang. Mwezi wa Aprili, katika mkutano wa Honolulu, Taylor akakubali waongezwe, na tangu hapo akaitetea vita ile miaka mingi. Karibu Wamarekani 58,000 walikufa ndani yake, na Wavietnam wasiopungua milioni.

Twaweza sasa kurudi Kabul, maana yaliyompata Eikenberry yalifuata njia hiyohiyo kwa kiasi cha kushangaza. Mwaka 2009 Jenerali Stanley McChrystal, amiri mpya, aliomba askari wapatao 40,000 zaidi, juu ya wale 68,000 waliokuwepo au waliokwisha kuagizwa. Novemba mwaka huo balozi aliandika taarifa mbili za siri kwa Washington. Alisema kwamba Rais Hamid Karzai si mwenzi atakayeubeba mzigo anaotwishwa. Kwamba askari wa kigeni wakiongezeka, Waafghanistan watazidi kuwategemea na siku ya kujisimamia itazidi kusogea mbele. Kwamba adui ana maficho ng'ambo ya mpaka wa Pakistan ambayo wingi wa askari hautayagusa. Na kwamba matumaini ya kuliona jeshi la Afghanistan likishika ulinzi wa nchi kwa muda uliopangwa ni makubwa kuliko uwezo wake.

Neno hili la mwisho ndilo linalostahili kutazamwa kwa makini. Jeshi lililotajwa ni lile ambalo Eikenberry mwenyewe alilisimamia lilipokuwa likizaliwa mwaka 2002. Mtu huyu hakuwa akishuhudia dhidi ya kazi ya mwingine. Fundi aliyejenga ukuta alisimama mbele ya mwenye nyumba akasema ukuta huu hautabeba paa mnalotaka kuliweka. Kati ya sifa zote zilizopelekwa Seneti, za Harvard na Stanford na Nanjing, hakuna iliyofaa kitu siku hiyo kama miaka yake ya kijeshi Kabul, na ilifaa kwa sababu ilimpa nguvu ya kukataa, wala si ya kuamrisha.

Rais Obama alitangaza uamuzi wake tarehe 1 Desemba 2009, na mahali alipochagua palikuwa West Point, chuo walichosoma balozi na amiri pia. Askari 30,000 wangeongezwa. Wiki moja baadaye Eikenberry na McChrystal walikaa mbele ya Bunge meza moja, mmoja katika sare yenye nyota nne, mwingine katika suti, na balozi akasema kwamba anauunga mkono mpango huo. Je, hapo alisema balozi au alisema askari? Balozi huwa na haki ya kubisha chumbani na wajibu wa kutii uwanjani. Hilo si unafiki, ni kawaida ya kazi. Askari naye hutii amri ikishatolewa, na utii huo umetiwa ndani yake kwa miaka mingi hata hauhitaji kufikiriwa. Kwa nje matendo haya mawili hufanana kama mapacha. Lakini Taylor wa Honolulu na Eikenberry wa Bungeni huacha wasiwasi kwamba mtu aliyefunzwa kutii akiwa kijana hukataa mara moja tu, kisha huona deni lake limekwisha.

Gharama ililipwa na pande zote. Januari 2010 taarifa zile zilichapishwa neno kwa neno katika gazeti la New York Times, na tangu siku hiyo balozi alilazimika kuketi mbele ya Karzai ambaye alikwisha kusoma alichoandikwa. Mjumbe hauawi, lakini aweza kusikilizwa kwa sikio lililofungwa. McChrystal alimwambia mwandishi wa Rolling Stone kwamba alijiona amesalitiwa, na kwamba mwenzake alikuwa akijiwekea akiba kwa vitabu vya historia. Makala hiyo ilipotoka Juni 2010, pamoja na kejeli nyingine za wasaidizi wake, ndiye McChrystal aliyeondoka. Eikenberry alibaki mpaka Julai 2011, akampisha Ryan Crocker, mwanadiplomasia wa maisha yake yote. Crocker hakuwa na nyota. Alikaa mwaka mmoja.

Tarehe 15 Agosti 2021 Kabul iliangukia mikononi mwa Taliban, jeshi la Afghanistan likiwa limekwisha kusambaratika jimbo baada ya jimbo, na helikopta zikawachukua watu wa ubalozi wa Marekani kuwapeleka kiwanja cha ndege. Taarifa mbili za Novemba 2009 bado zinasomeka. Si ndefu, mtu huzimaliza kabla chai yake haijapoa.